Bega Lililoumizwa na Sindano: Nani Alipe, na kwa Ushahidi Gani?

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kwamba ugonjwa wa ndui umetoweka duniani. Wazee wetu wa Unguja na Pemba ambao wangali na kovu la chanjo hiyo mkononi ni mashahidi wa ushindi huo. Tangu wakati huo sindano ya chanjo imekuwa sehemu ya maisha ya mtu wa visiwani. Mama mjamzito huchanjwa dhidi ya pepopunda. Msichana huchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Hujaji huchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege kwenda Makka. Na mwaka 2021 watu wazima waliitwa kuchanjwa dhidi ya Uviko-19. Wote hao hukaa mbele ya mchanjaji na kutoa bega.

Gazeti hili linaunga mkono chanjo bila ya kusitasita, na kwa sababu hiyo hiyo linapenda leo kulizungumzia jambo ambalo halizungumzwi sana. Wapo watu wachache ambao baada ya kupigwa sindano hubaki na bega lisilonyanyuka. Hao hawakuugua kwa uzembe wao wenyewe. Waliitwa, wakaitika, wakaumia. Je, hasara yao ni yao peke yao, au ni ya jamii iliyowaita? Na ikiwa ni ya jamii, mtu ambaye hana jeraha linaloonekana kwa macho atathibitisha vipi kwamba ameumizwa?

Nchini Marekani maswali haya yamejibiwa kwa sheria, na yamepita mahakamani mara maelfu. Majibu yao si kamili, wala hatusemi tuyachukue kama yalivyo. Lakini yana mafunzo, na moja katika hayo liko katika uwezo wetu hivi leo bila ya kungojea fedha kutoka popote.

MAUMIVU YA NAMNA GANI

Yafaa kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Baada ya chanjo ni kawaida mkono kuuma, kuwa mzito, na pengine kuvimba kidogo pale palipoingia sindano. Hayo hupita baada ya siku chache, wala hayana la kuhofiwa. Tunalolizungumza hapa ni jambo jingine. Maumivu huanza upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, nayo hayapungui bali huzidi. Wiki zinapita, mtu hawezi kulala ubavu ule, hawezi kufikisha mkono mgongoni, hawezi kuunyanyua juu ya kichwa.

Sababu yake madaktari wanaijua. Juu kabisa ya mkono, chini ya ncha ya mfupa wa bega, pana kifuko chembamba chenye majimaji kinachozuia msuli na mshipi wake usisuguane na mfupa. Sindano ya chanjo hukusudiwa kuingia katika nyama nene ya msuli, chini ya kifuko hicho. Ikipigwa juu mno, au ikiwa ndefu mno kwa mtu mwembamba, dawa huweza kuingia ndani ya kifuko au karibu na kiungo. Kazi ya chanjo ni kuuamsha mwili upigane. Ukiamshwa mahali pasipostahili, mwili hupigana na bega lake wenyewe. Hutokea uvimbe wa ndani, na kiungo huweza kukakamaa kwa miezi.

Madaktari wawili wa Marekani walieleza wagonjwa wawili wa namna hii katika jarida la kitabibu mwaka 2007. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya wagonjwa 13 na kulipa dhara hili jina lake. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo, baada ya kupitia ushahidi wote, ikakiri kwamba kupigwa sindano huweza kweli kusababisha uvimbe wa kifuko hicho cha bega. Kwa hiyo hili si la uzushi wa barazani. Ni jambo la nadra lililothibitishwa, na kosa haliko katika chanjo yenyewe bali mahali ilipowekwa.

Mwenye kazi ya kukaa mezani ataona ni usumbufu. Lakini katika visiwa vyetu bega ndilo chombo cha riziki. Mvuvi huvuta jarife na kupiga kasia kwa bega. Mchumaji wa karafuu hujishikilia juu ya mti kwa mkono mmoja huku wa pili ukivuta tawi. Mwanamke wa mwani hubeba gunia lililorowa kutoka majini hadi ufukweni. Miezi sita bila ya mkono wa kulia ni miezi sita ya kukopa dukani. Wala tusisahau mengine yasiyopimwa kwa fedha: kujitwika ndoo, kumbeba mtoto, hata kuinua mikono kwa takbira. Ndiyo maana tunasema kwamba dhara hili, ijapokuwa haliui, lastahili kufikiriwa na wenye mamlaka.

NJIA YA MAREKANI

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 wazazi wengi wa Marekani walifungua mashtaka dhidi ya viwanda vya chanjo, hasa chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Viwanda kadhaa viliona hasara ya kesi ni kubwa kuliko faida ya biashara, vikaacha kutengeneza. Chanjo ikapungua madukani na bei ikapanda. Serikali ikajikuta baina ya mawili: ikiwalinda watengenezaji bila ya masharti, walioumia watakosa haki, ikiwaachia mahakama za kawaida, watoto watakosa chanjo.

Jawabu lilikuwa sheria iliyotiwa saini mwezi wa Novemba 1986, na utekelezaji wake ulianza Oktoba 1988. Kwa sheria hiyo uliundwa mfuko maalumu. Kila dozi ya chanjo iliyomo katika orodha hutozwa ushuru wa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga. Chanjo ya mafua, kwa mfano, hulipa senti 75, na ile inayokinga magonjwa matatu hulipa dola 2 na senti 25. Fedha hizo huwekwa amana, na humo ndimo hulipwa walioumia. Aliyeumia hamshtaki mwuguzi wala kiwanda. Hupeleka madai yake katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho mjini Washington, na mdaiwa ni Waziri wa Afya. Mahakimu maalumu ndio wanaosikiliza, na mdai halazimiki kuthibitisha kwamba mtu yeyote alifanya uzembe.

Hapo ndipo ilipo hekima ya mpango mzima. Swali haliwi “nani mkosaji?” bali huwa “je, dhara hili limetokana na chanjo?” Ili kulirahisisha swali hilo Serikali ya huko imetoa jedwali: chanjo hii, dhara hili, muda huu. Mtu ambaye hali yake inalingana na jedwali huhesabiwa kuwa ameumizwa na chanjo, na ni juu ya Serikali kuonyesha kwamba sababu ni nyingine. Asiyelingana nalo hakufungiwa mlango, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa juu ya mabega yake, naye atahitaji ushahidi wa wataalamu.

Dhara la bega liliingizwa katika jedwali hilo mwezi wa Machi 2017, kwa masharti manne. Kwanza, bega lile lisiwe limepata kuuma, kuvimba au kulegea kabla ya chanjo. Pili, maumivu yaanze katika saa 48 tangu kupigwa sindano. Tatu, maumivu na uzito wa kunyanyua viwe katika bega lile lile lililopigwa sindano. Nne, pasiwe na ugonjwa mwingine unaoweza kueleza hali hiyo, kama ugonjwa wa mishipa ya shingo. Zaidi ya hayo, kama ilivyo kwa madhara mengine yote, athari iwe imedumu kwa zaidi ya miezi sita, au mgonjwa awe amelazwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji. Na madai yafikishwe kabla ya kupita miaka mitatu tangu dalili ya kwanza.

Anayeshinda hulipwa gharama za matibabu alizozitoa na atakazozihitaji, mshahara alioukosa, na fidia ya maumivu isiyozidi dola 250,000, kiwango ambacho kiliwekwa mwaka 1986. Kwa dhara la bega fidia ya maumivu mara nyingi huwa makumi ya maelfu ya dola. Wakili wake hulipwa na mfuko kando kabisa, wala haruhusiwi kugusa fungu la mgonjwa. Na hata aliyeshindwa huweza kulipiwa wakili, mradi madai yake yalikuwa ya nia njema na yenye msingi. Takriban sita katika kila malipo kumi hufikiwa kwa mapatano baina ya pande mbili bila ya hukumu ya ubishani. Hadi kufikia mwaka 2024 mfuko ulikuwa umekwisha kulipa zaidi ya dola bilioni 5 tangu kuanzishwa kwake. Msomaji asitishwe na idadi hiyo. Kwa hesabu za wakala wa Serikali unaousimamia mpango huo, anayelipwa ni takriban mtu mmoja kwa kila dozi milioni moja zilizogawiwa.

NI DHAMBI YA DAWA AU YA MKONO?

Lakini mambo hayakwenda shwari. Baada ya bega kuingizwa katika jedwali, madai yake yaliongezeka hata yakapindukia nusu ya madai yote yaliyokuwa yakifikishwa. Mwezi wa Julai 2020 Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa pendekezo la kuliondoa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mfuko uliundwa kwa ajili ya madhara ya chanjo, na bega haliumizwi na chanjo bali huumizwa na mtu aliyepiga sindano mahali pabaya. Basi na ashtakiwe huyo, na fedha za mfuko zihifadhiwe kwa wale walioumizwa na dawa yenyewe.

Hoja hiyo ina sura ya haki. Lakini itazameni inapofikia. Mwuguzi anayechanja watu mia kwa siku, kwa ujira mdogo, katika chumba chenye msongamano, angejua kwamba kila sindano yaweza kumpeleka mahakamani. Duka la dawa lingefikiri mara mbili kabla ya kuchanja. Na mgonjwa mwenyewe angelazimika kuthibitisha uzembe wa mtu ambaye pengine hakumwona tena baada ya dakika mbili. Sheria iliyowekwa ili chanjo isikimbiwe ingeleta ukimbizi mwingine, safari hii wa wachanjaji. Aidha, mwananchi hatenganishi dawa na mkono unaoitia. Kwake yeye alikwenda kuchanjwa na akarudi na bega bovu.

Wizara ilichapisha uamuzi wa kuliondoa bega mwezi wa Januari 2021, siku ambazo utawala wa Rais Trump ulikuwa ukimaliza muhula wake wa kwanza. Utawala wa Rais Biden uliochukua nafasi yake uliuahirisha uamuzi huo, na mwezi wa Aprili 2021 ukaufuta kabla haujaanza kutumika. Bega likabaki katika jedwali.

Wakati huo huo Wamarekani waliochanjwa dhidi ya Uviko-19 walikuta mlango mwembamba zaidi. Chanjo hiyo iliwekwa chini ya mpango mwingine, uliotokana na sheria ya dharura ya mwaka 2005. Humo hakuna mahakama. Maofisa wa Serikali ndio wanaoamua. Muda wa kudai ni mwaka mmoja tu tangu kuchanjwa, maumivu hayalipwi, na wakili halipwi. Kufikia mwaka 2024 madai yalikuwa yamezidi 10,000, na waliolipwa hawakufika hata 50. Nchi moja, sindano ya aina moja, bega moja. Lakini aliyepigwa sindano ya mafua ana haki ambayo jirani yake aliyepigwa sindano ya Uviko hana. Huo ni ushahidi kwamba fidia haitegemei ukubwa wa jeraha pekee, bali hutegemea vile vile namna sheria ilivyoandikwa kabla ya jeraha.

Uingereza nao wana sheria yao ya mwaka 1979. Anayestahili hulipwa pauni 120,000 kwa mkupuo, lakini sharti athibitishe ulemavu wa asilimia 60. Bega lililokakamaa, hata likimnyima mtu kazi mwaka mzima, ni nadra kufikia kiwango hicho. Kwa hiyo fidia yao ni nono kwa anayeivuka mizani, na si chochote kwa aliyekuwa chini yake kidogo.

USHAHIDI UKO KATIKA KARATASI

Tumeyaeleza hayo kwa urefu ili tufikie jambo moja ambalo mashauri ya Marekani yanalidhihirisha wazi. Masharti ya jedwali yakisomwa vizuri, itaonekana kwamba yote yanategemea maandishi. Ni mkono upi uliopigwa sindano? Maumivu yalianza lini? Bega lilikuwa na hali gani kabla? Sheria ya huko inamkataza hakimu kumpa mtu fidia kwa maneno yake mwenyewe tu. Lazima yaungwe mkono na kumbukumbu za matibabu au maoni ya daktari.

Sasa tazama yanayotokea. Sheria inamwamuru anayechanja aandike tarehe, kiwanda, namba ya toleo la dawa, na jina na anwani yake. Mkono uliopigwa sindano haumo katika hayo yaliyotajwa. Wengi huuandika, lakini mara nyingine huandikwa kwa mazoea, au kompyuta yenyewe hujaza “kushoto” hata kama sindano ilipigwa kulia. Mgonjwa anafika mahakamani bega la kulia likiwa limekakamaa, na karatasi inasema alichanjwa kushoto. Yamekuwapo mashauri kadhaa ambamo mahakimu wamelazimika kupoteza muda mrefu kuamua swali hilo moja, wakilinganisha karatasi ya duka la dawa na maneno ya mgonjwa kwa daktari wake wiki kadhaa baadaye.

Jambo la pili linalowaangusha watu ni kuchelewa. Mtu huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba maumivu yatapoa. Hungoja mwezi, miezi miwili, minne. Huenda akapita kwa daktari kwa ajili ya shinikizo la damu na asilitaje bega. Anapokuja kudai, upande wa Serikali humwuliza: ikiwa maumivu yalianza katika saa 48, mbona hukusema? Sheria inamruhusu hakimu kuamini kwamba dalili zilianza mapema hata kama hazikuandikwa wakati huo, lakini njia huwa ndefu na matokeo huwa ya shaka. Yule aliyerudi kituoni katika wiki ya kwanza na kusema “bega hili, tangu siku ile,” na ikaandikwa, ana shahidi asiyesahau.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Kupotea kwake hakuhitaji hakimu dhalimu. Kunatosha kukosekana kwa mstari mmoja wa wino.

NA SISI JE?

Visiwani kwetu, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika, hakuna mfuko wa kudumu wa fidia ya chanjo. Afrika ya Kusini iliunda mpango wake mwaka 2021, lakini ni kwa chanjo ya Uviko-19 peke yake. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa fidia kwa nchi na maeneo 92 ya kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa ajili ya watu waliochanjwa kwa dozi zilizoletwa na mpango wa COVAX. Dozi zaidi ya milioni moja zilizofika nchini Julai 2021, ambazo Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua kwa kuchanjwa hadharani, zilitoka huko. Ulikuwa mpango wa kwanza wa aina yake kuvuka mipaka ya nchi, na mdai hakutakiwa kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini ulikusudiwa kwa madhara mazito, kama ulemavu wa kudumu au kifo, na COVAX yenyewe ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2023.

Kwa aliyeumia bega kwa chanjo nyingine hubaki mahakama za kawaida. Huko, kwa misingi ya sheria ya madai tuliyoirithi kutoka Uingereza, atalazimika kuonyesha kwamba mchanjaji alikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari, kwamba hakuichukua, na kwamba jeraha limetokana na hilo. Atahitaji daktari wa mifupa wa kumtolea ushahidi, wakili wa kumsemea, na nauli ya kwenda na kurudi kila shauri linapoahirishwa. Dau la mnyonge haliendi joshi. Hatuna haja ya kueleza ni wavuvi wangapi wataianza safari hiyo.

Tunaiomba Serikali ifikirie mambo manne, na tumeyapanga kwa urahisi wake.

La kwanza, na lisilohitaji fedha, ni kadi. Kila kadi ya chanjo ya mtu mzima iwe na nafasi ya kuandika aina ya chanjo, namba ya toleo, tarehe, jina la mchanjaji, na mkono uliopigwa sindano. Mchanjaji aandike “kulia” au “kushoto” palepale kabla ya mtu kuondoka kitini, na mwananchi aisome kadi yake kabla ya kuitia mfukoni.

La pili ni mafunzo. Mahali pa sindano si siri: ni katikati ya nyama nene ya msuli wa bega, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa na juu ya usawa wa kwapa, sindano ikiingia wima. Kwa watu wazima wengi sindano ya sentimita 2.5 inatosha, wanene huhitaji iliyo ndefu zaidi. Mchanjaji na mchanjwaji wote wawili wakae, kwa sababu anayepiga sindano akiwa amesimama juu ya mtu aliyekaa huelekea kuipiga juu mno. Bega zima lifunuliwe. Hapa yafaa maofisa wetu wazingatie mila. Mwanamke aliyevaa buibui katika chumba chenye watu atashusha ukosi wa nguo kidogo tu, na mchanjaji atapiga pale panapoonekana, yaani juu. Pazia la khanga mbili na mchanjaji wa kike ni kinga ya stara na kinga ya bega kwa pamoja.

La tatu ni kuripoti. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar una wajibu wa kufuatilia usalama wa dawa zinazotumika visiwani. Vituo vya afya viagizwe kwamba mtu anayerudi na maumivu ya bega yaliyopita wiki moja baada ya chanjo asirudishwe na vidonge vya maumivu peke yake. Apimwe, iandikwe, na taarifa ipelekwe. Mapema mtu huweza kusaidiwa kwa dawa za kupunguza uvimbe na mazoezi ya viungo. Akiachwa, bega likikakamaa, pengine litahitaji sindano ndani ya kiungo au hata upasuaji, ambao kwetu ni wa safari. Na ripoti tano kutoka kituo kimoja zitamwonyesha mganga mkuu kwamba kuna mchanjaji anayehitaji kuelekezwa tena, kabla hawajawa ishirini.

La nne ni fidia yenyewe. Hatutarajii mahakama maalumu wala mamilioni ya dola. Kamati ndogo ya daktari, mwanasheria na mjumbe wa wananchi, yenye masharti machache yaliyoandikwa waziwazi na fungu dogo katika makadirio ya kila mwaka, ingeweza kumlipia mtu matibabu, nauli na sehemu ya kipato alichokosa. Masharti yasiwe ya juu kama ya Uingereza hata bega lisiingie, wala muda usiwe mfupi kama ule wa Uviko wa Marekani hata anayesubiri kupona akafungiwa. Kwa kuwa dhara hili ni la nadra, mzigo hautakuwa mkubwa. Ujulikanao kuwa mkubwa ni mzigo wa mtu mmoja anayeubeba peke yake.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumza fidia ni kuwatia watu hofu ya chanjo. Sisi tunaona kinyume chake. Hofu haizaliwi na ukweli uliosemwa na Serikali. Huzaliwa na bega la jirani ambalo kila mtu mtaani analijua na ambalo hospitali ilikataa kulisikiliza. Mtu huyo mmoja akipuuzwa, habari zake zitafika kila baraza kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kutoka Konde hadi Mkoani, na kampeni ijayo itawakuta watu wamefunga milango. Akisikilizwa, akatibiwa na akalipwa, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kumpeleka mwanawe.

Tunafahamu kwamba mfuko hauundwi kwa siku moja, na kamati huhitaji sheria. Lakini kalamu zimo katika kila kituo cha afya. Kabla ya msimu ujao wa Hija, ambapo mamia ya wazee wetu watatoa mabega yao, Wizara ya Afya inaweza kutoa agizo la mstari mmoja kwamba mkono uandikwe katika kadi. Tunaiomba ifanye hivyo.